Mtoto Aliyelikataa Jina la Kirangozi

Hapo zamani, gari moshi lilipokuwa bado linawashangaza watu wa Unyamwezi, Kalunde alizaa mtoto wa kiume asiyenyamaza. Homa hana, upele hana, lakini alilia kutwa kucha na titi akalisukuma. Mtoto alikonda, na Kalunde akaogopa atamzika.

Wazee walisema wanalosema siku zote: mtoto anayelia bila ugonjwa anadai jina la babu. Akaitwa Kirangozi, jina la ukoo, jina la babu aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Baba mkwe wa Kalunde, Mzee Kapela, hakulitaja jina hilo bila kukohoa kwanza kwa majivuno. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

"Kirangozi kilikuwa cheo chake," alisema Mzee Kapela. "Babu alikuwa na jina la kuzaliwa. Atakayelileta, mtoto akanyamaza, atakalia kigoda cha babu."

Kigoda hicho hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu babu afe.

Masele, mumewe Kalunde, alikuwa amesoma. Akaenda misheni alikobatiziwa babu uzeeni, akarudi kichwa chini.

"Baba, kitabu cha ubatizo hakina jina lake la kuzaliwa, ila kinasema babu alikuwa mpagazi, mbeba mizigo. Hakuongoza hata mbuzi."

"Padri alikuwa mgeni," alijibu Mzee Kapela. "Angejua nini?"

Shangazi Nyanzala akajifunga kibwebwe, akaenda kuuliza watu huko alikotoka babu. Akakuta ukoo mwingine wa Kirangozi, nao wanakohoa vilevile.

"Kirangozi wao alifia njiani kwa ndui," alisema aliporudi. "Mpagazi wake mmoja akatoweka na pembe, na kigoda pia. Wameniuliza kama tumekiona."

"Ukawajibu nini?" aliuliza Mzee Kapela.

"Nikawaambia nina haraka."

Ndipo akaingia Pazi, Mzaramo, mtani wa nyumba ile. Hakuja kusaidia. Alikuja kula kuku na kuwasuta, kama ilivyo haki ya mtani.

"Hodi, wajukuu wa mwizi! Mnamtafuta babu yenu Mayunga vitabuni? Babu yangu alikuwa katika msafara ule ule, na ndiye aliyemzika Kirangozi. Na huyo Mayunga aliyetoroka na pembe, babu yangu alimtukana mpaka akaingia kaburini!"

Mtoto kusikia Mayunga, kimya. Akageuza uso, akashika titi, akanyonya. Kalunde akalia kwa furaha, na hakuona haya.

"Jina la mwizi haliingii humu," alisema Mzee Kapela. "Mtoto huyu ni Kirangozi."

Mtoto akaangua kilio.

Kalunde hakuwa amewahi kumpinga baba mkwe. Siku hiyo alipiga magoti, akainamisha macho, lakini mdomo hakuufunga.

"Nisamehe, baba. Ukoo una sifa tele, mimi nina mtoto mmoja. Nyamaza, Mayunga wangu."

Mtoto akanyamaza, akalala.

Majirani walipokuja kushangaa ule utulivu, Mzee Kapela alikohoa. "Mmeona? Jina la Kirangozi limemtuliza."

Majirani wakapiga vigelegele. Walipoondoka, ugomvi wa kigoda ukaanza.

"Ni changu," alisema Masele. "Bila mimi mngekuwa bado mnasifu uongo."

"Wewe ulileta aibu nusu," alisema Nyanzala. "Mimi nimeileta nzima, tena kwa miguu yangu."

"Jina nimelileta mimi," alisema Pazi, mfupa wa kuku mkononi. "Mimi ambaye nilikuja kutukana tu!"

"Nanyi mngepata wapi cha kugombea," alisema Mzee Kapela, "kama nisingekitunza kigoda?"

Kalunde hakudai kitu. Alikuwa amembeba mwanawe, akimwita kwa sauti ya chini jina ambalo wenzake walikwisha kubaliana kulisahau. Na kule alikotoka babu, ukoo wa Kirangozi aliyezikwa njiani bado ulikuwa unauliza kila mpita njia habari za kigoda chao.

Haya, ninyi mnaojua sana koo za watu: kigoda kile, nani alistahili kukikalia?