Kadi Arobaini za Mwaka

Bwana Harithi, mwenye bustani ya bembea mjini Tanga, alikataa kuwauzia wanafunzi tiketi za siku moja.

"Shule inanunua kadi za mwaka," alisema. "Hutaki, warudishe darasani."

Mwalimu Siwatu alikuwa na fedha za siku moja tu, na watoto arobaini walikuwa wameingoja safari hiyo tangu Januari. Akavuta kiti, akaomba fomu.

"Mwenye kadi anaingia siku yoyote?"

"Yoyote, mwalimu wangu."

"Hata Idi?"

"Hata Idi! Tena hapangi foleni."

"Na lile gurudumu kubwa la kuzunguka angani lina viti vingapi?"

"Arobaini kamili," alijibu kwa fahari.

"Vizuri." Akaandika jina la kwanza. "Basi Idi zote mbili tutakuwa hapa tangu asubuhi hadi magharibi. Wanangu wakishuka, watapanda tena. Wazazi wengine watasubiri na watoto wao na nguo zao mpya. Siku ya Idi watu hawana haraka."

Bwana Harithi alilitazama gurudumu, kisha akaivuta fomu taratibu kutoka chini ya kalamu.

"Kwa shule," alisema, "siku zote tunauza za siku moja."