Mzaliwa wa Hapa Hapa

Sogeeni karibu, kina mama, maana kisa cha huyu bwana nikikianza hucheka mpaka natafuta ncha ya kanga nijifute macho.

Palikuwa na bwana mmoja wa huko kusini, mkulima wa korosho. Kaka yake alifariki akaacha binti mjini, na sasa binti anaolewa. Wa kumwozesha ni nani? Ni yeye, baba mdogo. Ndoa ni baada ya Alasiri, na binti kasema wazi, "Baba mdogo asipofika, siolewi." Wakampa maneno: ukishuka stendi usiende popote, kuna mtu atakupokea.

Lakini jirani yake, ambaye mjini kwenyewe alikaa siku chache tu, akamfunda kama mwali. "Simu iache nyumbani, itanyakuliwa. Maghorofa usiyatazame. Tembea haraka kama mtu mwenye hasira. Na mtu akikuuliza kama wewe ni mgeni, huyo ndiye tapeli mwenyewe."

Basi bwana akashuka stendi, kiroba cha korosho begani. Jamani, jiji! Barabara imepanda juu ya barabara nyingine, taa zinawaka mchana, huyu anauza soksi, yule anauza visu na maji baridi kwa mkono mmoja. Moyo unamruka kama mtoto siku ya Idi, lakini shingo kaikaza, hatazami juu.

Mama mmoja mnene akamjia, jasho linamtiririka.

"Shikamoo baba. Samahani, wewe ni mgeni?"

"Mgeni nani? Mimi mzaliwa wa hapa hapa."

Mama akakitazama kile kiroba, akalitazama basi la kusini. "Haya baba, mzaliwa. Niwie radhi."

Bwana huyo akaondoka, kifua mbele. Watu wanaingia basi la mwendokasi, naye akaingia. Utamu ulioje! Magari mengine yamekwama, lao linapita kama limeitwa. Anatamani kumuuliza wa pembeni, lakini ataulizaje, naye ni mwenyeji? Likafika mwisho, wote wakashuka, hata dereva akaenda zake kunywa chai. Akapanda la kurudi. Likamrudisha wapi? Stendi ile ile, na Alasiri imeshaswaliwa.

Na yule mama bado kasimama juani, simu sikioni. "Mwambieni shehe avumilie kidogo. Na bibi harusi mwambieni aache kulia, wanja utamharibikia."

Bwana akayasikia. Kumbe huyu ndiye aliyetumwa. Sasa afanyeje, kina mama? Abaki na umwenyeji wake, binti wa marehemu arudi ndani na hina yake mikononi? Akapaza sauti katikati ya stendi:

"Mama, mimi mgeni! Mgeni kabisa, hata nilipotokea sasa hivi sipajui."

Wapiga debe wakaangua kicheko. "Karibu mzee, sisi tulishakuona."

Mama akakipokea kiroba. Bwana akamuuliza, "Kwani ulinijua?"

"Tangu ulipoteremka. Lakini ningekushika mkono, si ungeniitia mwizi? Mtu anayesema yuko kwao, nimpeleke wapi tena?"

Wakakimbia, na korosho zao, na shehe wakamkuta, wallahi, hajainuka. Ndoa ikafungwa.

Sasa sisi. Mola hatujui? Anatujua kuliko yule mama na kile kiroba. Lakini wangapi tumekaa humu shingo tumezikaza? Jirani akikuuliza hali unasema sina shida, na ndani unaungua. Sawa, jirani mfiche. Na kwenye msala je? Unasujudu, unainuka, unakunja msala wako, na lile linalokukosesha usingizi hujalitaja. Umemwambia Mola kwamba wewe mzaliwa wa hapa. Akupeleke wapi?

Wewe uliye pale nyuma, mwenye mtoto asiyerudi nyumbani, na wewe unayemuuguza mumeo ukisema ni mafua, leo msipambe maneno. Semeni: Ya Rabi, njia siijui, nichukue. Inueni mikono, kina mama. Naanza mimi, mkubwa wenu.