Nyati, Nguchiro na Vibuyu Vyenye Akili

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na kisima kimoja!

Mwenye masikio?

— Asikie!

Asiye nayo?

— Aazime kwa punda!

Haya. Aliyeazima arudishe mapema, maana hadithi yangu ni fupi na punda ana mateke.

Hapo kale, lakini si kale sana, palikuwa na pori kavu, na katikati ya pori kisima. Ukingo wa huku alikaa Nyati. Ukingo wa kule alikaa Nguchiro. Wote wawili walipika togwa na kuuza. Bila maji hakuna togwa, na bila togwa hakuna kula. Basi kile kisima kilikuwa ndiyo maisha yao.

Togwa ya Nyati ilikuwa tamu. Nalisema hili sasa hivi ili baadaye nisije nikabishiwa. Ulezi wake aliuotesha vizuri, kimea chake kilinukia mpaka njia panda, na chungu chake kilikuwa safi. Ila alikuwa mchoyo. Akikupimia kwenye kata alitumbukiza kwato ndani. Wewe unaona kata imejaa, kumbe nusu ni kwato.

Togwa ya Nguchiro ilikuwa na mchanga. Ukinywa, krr, krr, krr, menoni. Nguchiro hakupenda kuchekecha unga. Alipenda kulala, na alipenda mayai, hasa yale yenye wenyewe.

Sasa katika pori lile, mnyama akitaka kitu hakuhangaika. Alimwita Mlembe, yule ndege mdogo anayewaongoza warina asali mpaka kwenye mzinga. Unamwuliza, "Mlembe, Mlembe, kitu fulani kiko wapi?" Mlembe anaruka mbele, chii-chii-chii, unamfuata mpaka mlangoni. Ukiridhika, unamwachia kipande cha nta. Usipomwachia, siku nyingine anakupeleka kwa nyoka. Ndiyo sheria yake, aliikuta kwa babu yake.

Na Mlembe alijuaje nani ana nini? Alikaa juu ya mgunga akisikiliza. Kila mwenye biashara alipiga kelele mlangoni pake akisema anachouza. Aliyelitaja neno la mwulizaji mara nyingi zaidi, na kulitaja vizuri zaidi, huyo ndiye aliyepelekewa wageni wa kwanza. Wa pili alipata mabaki. Wa tatu alipata inzi.

Siku moja Nyati akavuka kwenda ukingo wa pili. Du, du, du.

"We kidudu."

"Naam, mjomba."

"Kisima hiki ni kidogo."

"Kidogo kweli, mjomba. Lakini hata mimi ni mdogo, sikijazi."

"Mwezi ukiandama kuna mnada. Siku hiyo, atakayeletewa wageni wengi na Mlembe abaki kisimani. Mwingine afunge virago aende Nyika ya Chumvi."

Nyika ya Chumvi haina kisima, haina kivuli. Sungura wa jirani aliwahi kuhamia huko, na kilichorudi ni habari tu, tena ya kusikitisha.

"Na nikikataa, mjomba?"

Nyati akanyanyua mguu, akaushusha. Pwaa! Chungu kimoja cha Nguchiro kikawa vigae.

"Umekataa?"

"Nani, mimi? Mimi nimekubali tangu juzi."

Nyati akarudi zake. Du, du, du. Nguchiro akabaki anaokota vigae na kumtukana, kwa sauti ndogo sana.

Kesho yake akapita Kunguru, mchuuzi, na fimbo begani, na vibuyu vinaning'inia kwenye fimbo.

"Vibuyu! Vibuyu vyenye akili! Si akili ya mama yako, si akili ya baba yako, ni akili ya kuundwa! Uwe wa kwanza, jirani awe wa mwisho! Vibuyu!"

Nyati akamwita. Nguchiro naye akasogea, akakaa mbali kidogo na zile kwato.

Kunguru akaweka kibuyu cha kwanza chini. Kilikuwa kinang'aa, kimepakwa mafuta. "Hiki kinasema. Ukikipa neno moja, kinakurudishia mia. Hakichoki, hakilali, hakioni haya." Akakigonga. Bwa-bwa-bwa-bwa! Kikaanza kumsifu Kunguru kwa weupe wake.

Akaweka cha pili, kimefungwa shanga. "Hiki kinahesabu. Kinajua neno gani linaulizwa sana porini." Akakigonga. Tiki, tiki, tiki.

Akaweka cha tatu. Cheusi, kina ufa. "Hiki, eeh, kinasikiliza. Mtu akimwuliza Mlembe kitu, kibuyu kinalirudia swali kama lilivyoulizwa, kwa sauti ya mwulizaji. Basi."

"Basi?" Nyati akasema.

"Basi, bwana mkubwa."

"Kipi bora?"

"Inategemea unataka kufanya nini nacho."

"Nataka kuwa wa kwanza!"

Kunguru akakohoa. Mchuuzi akikohoa, shika mfuko wako. "Mtu wa hadhi yako, bwana mkubwa, anachukua kinachosema na kinachohesabu. Kimoja kinalijua neno, kimoja kinalipigia kelele. Wewe unalala."

Nyati akatoa gunia zima la ulezi, akachukua vyote viwili. Nguchiro akatoa yai moja, la mama kanga, ambaye bado alikuwa analitafuta. Akapewa kile chenye ufa.

"Kitu cha bure kwa mtu wa bure," Nyati akasema, akacheka mpaka kisima kikatoa mwangwi.

Nyumbani mkewe Nguchiro alikitazama kibuyu, akamtazama mume.

"Baba Pili, hicho ndicho ulichochagua?"

"Sikuchagua. Ndicho kilichobaki."

"Kinafanya nini?"

"Kinasikiliza."

"Afadhali. Humu ndani hakuna mwingine anayesikiliza."

Nguchiro akajilaza, akakiweka kibuyu sikioni. Kibuyu kikanong'ona kwa sauti ya mama swala, imechoka: "Mlembe, Mlembe, nipate wapi kitu cha kumnyamazisha mtoto? Jua limemchoma, analia tu." Kikanong'ona kwa sauti ya mama ngiri: "Mlembe, mtoto wangu analia, nimpe nini?" Halafu mama pundamilia, yaleyale. Hakuna hata mmoja aliyesema togwa. Walisema mtoto, walisema kulia.

"Kumbe," akasema Nguchiro.

Kisha kibuyu kikatetemeka. Majivu mekoni yakaruka. Ikatoka sauti nzito, inatoka chini kabisa tumboni: "Mlembe. Nyama nono iko wapi?"

Nguchiro alikuwa chini ya chungu kabla swali halijaisha.

Ile ilikuwa sauti ya Simba. Na jibu la Mlembe likasikika, dogo, la adabu: "Shikamoo, babu. Nyama hakuna aliyeitangaza. Nitakupeleka wapi?"

Simba akauliza asubuhi. Akauliza mchana. Akauliza jioni. Wake zake wakauliza, watoto wake wakauliza. Kiangazi kilikuwa kikali, na njaa haina subira. Nyama, nyama, nyama, kutwa nzima, na Mlembe hana pa kuwapeleka.

Nguchiro akatoka chini ya chungu. Akalala chali. Akafikiri. Akaanza kucheka, mkia ukapiga jiko, paa, paa, paa. Halafu akachukua majivu, akajipaka machoni, machozi yakatiririka, akavuka kwenda kwa Nyati huku analia.

"Uwii! Uwii, mjomba! Nimekwisha!"

"Bado mnada haujafika na umeshakwisha?"

"Nimelijua neno, mjomba! Neno kubwa la pori zima! Nilitaka kulitundika mlangoni kwangu, lakini wewe una kibuyu kinachohesabu, na wewe utalijua, na wewe utalichukua! Chukua vyote, mjomba, neno hilo niachie!"

Masikio ya Nyati yakasimama. Akakigonga kibuyu cha shanga. "We! Neno gani linaulizwa kuliko yote?"

Tiki-tiki-tiki-tiki-tiki-tiki. "Nyama," kikasema kibuyu.

"Na togwa?"

Tiki.

"Ni nani hao wanaouliza nyama?"

Hapo Nguchiro aliacha kupumua. Roho yake, kisima chake, mke na watoto, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye jibu la kibuyu.

"Mimi nahesabu tu," kikasema kibuyu. "Sura sizijui."

Nguchiro akapumua.

"Lakini mimi nauza togwa," akasema Nyati. Kidogo aliguswa na akili, akili yake mwenyewe, ya kuzaliwa. Ilimgusa ikapita.

"Mgeni ni mgeni, mjomba," Nguchiro akasema huku anafuta kamasi. "Akishafika mlangoni, akakosa nyama, kiu nayo hana? Ah! Mdomo wangu huu! Nimekufundisha tena!"

"Hahaa! Umeshasema!"

"Usilichukue, mjomba! Ni neno la hatari!"

"Hatari gani? Neno lina meno?"

"Meno halina," akasema Nguchiro, na machozi yakamtoka zaidi. Haya sasa yalikuwa ya kicheko.

Nyati akakigeukia kibuyu kinachosema. "Sikia. Siku ya mnada nitangaze. Tia jina langu. Tia nyama. Tia nyama nyingi."

"Nitie na togwa?" kikauliza.

"Nyama! Watu wanataka nyama!"

"Niweke utamu kidogo?"

"Weka wote."

"Nikusomee kwanza?"

"Nina usingizi," akasema Nyati, akalala.

Mwezi ukaandama. Asubuhi ya mnada kibuyu kikapanda juu ya kichuguu mlangoni kwa Nyati, kikafungua mdomo.

"Karibuni kwa Nyati! Nyama! Nyama nono ya Nyati! Nyama laini ya Nyati! Nyama ya familia nzima, ya kuamkia na ya kulalia! Haina mfupa mgumu, haina pembe kali, haikimbii! Nyati mwenyewe yupo ndani, anawasubiri! Leo ipo, kesho haipo!"

Nyati alikuwa anatafuna majani, kru-kru-kru, masikio yamejaa kutafuna. Alisikia jina lake tu, linapita na kurudi, linapita na kurudi. Akafurahi sana.

Ukingo wa pili Nguchiro naye akapanda kwenye jiwe lake. Hakusema togwa. Alisema, "Mtoto analia? Mlete hapa. Mtoto analia? Mlete hapa."

Mlembe akaja, chii-chii-chii, na nyuma yake mama swala na mtoto. Akaja tena na mama ngiri, na watoto wamepanga mstari, mikia juu. Mtoto akinywa, krr, krr, krr, anashangaa mchanga, ananyamaza. Mama anashukuru, anaacha nta.

Nyati akaona, akakoroma. Halafu akaona vumbi. Vumbi kubwa, linatoka mashariki, linakuja kwake moja kwa moja, na mbele yake Mlembe, chii-chii-chii.

"We kidudu! Unaliona vumbi lile?"

"Naliona, mjomba."

"Ni la nani?"

"La kwako lote, mjomba. Mimi simo."

"Fungasha virago!"

"Nafungasha, mjomba. Wewe pokea wageni."

Vumbi likatulia. Simba akasimama mlangoni. Nyuma yake wake zake. Nyuma ya wake zake watoto, na mashangazi, na wajomba, na wengine ambao hata Simba hakuwajua, walisikia tu njiani kwamba kuna nyama.

"Hodi," akasema Simba.

Jani likamdondoka Nyati mdomoni. "Ka... karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumesikia tangazo. Nyama nono ya Nyati."

"Kuna kosa dogo, mzee. Mimi nauza togwa."

"Togwa sikuisikia."

"Ni kibuyu hicho, mzee! Si mimi!"

"Nyati mwenyewe yupo ndani!" kikasema kibuyu, kwa furaha. "Anawasubiri!"

"Nyamaza wewe!"

"Haikimbii!"

Nyati akakimbia. Du-du-du-du-du! Akapita kwenye chungu kimoja, pwaa, akaruka uzio, akashika njia ya Nyika ya Chumvi, na ukoo mzima wa Simba nyuma yake.

Mtoto wa mwisho wa Simba, mwenye miguu mifupi, akahema, "Baba! Mbona walisema haikimbii?"

"Matangazo hayo, mwanangu," akasema Simba. "Kaza mwendo."

Kama walimpata au hawakumpata, mimi sijui. Nguchiro naye hakwenda kuuliza. Alichofanya ni kuhesabu wageni, kwa sababu ahadi ni ahadi. Akahesabu wa kwake, akahesabu wa Nyati, akatingisha kichwa.

"Mama Pili, mjomba ametushinda. Wa kwake wengi mno."

"Kwa hiyo tunahama?"

"Mshindi anabaki kisimani. Unamwona mshindi?"

Mkewe akatazama ng'ambo. "Simwoni."

"Basi tumtunzie mpaka arudi."

Wakavuka. Wakakuta vyungu vya Nyati vilivyosalia, vimejaa togwa tamu, inanukia kimea. Nguchiro akaiuza yote kama ya kwake, na watu wakamsifu kwa kubadilika. Ilipokwisha akapika yake, krr, krr, krr. Mlembe akaendelea kumletea watu. Angewapeleka wapi tena?

Kibuyu kinachosema bado kipo juu ya kichuguu. Siku hizi kinamsifu Nguchiro kwa urefu wake.

Sasa funzo. Mlidhani nimesahau? Funzo ni hili, wazee wetu walishasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pikeni togwa tamu kama ya Nyati, na wageni watakuja wenyewe. Na jirani yako akija analia, mwamini. Machozi hayadanganyi.

Hadithi yangu imefika kisimani, imekunywa, imeondoka. Kama imewakolea, niachieni nta. Kama ina mchanga, temeni mkalale.