Karamu katika Nyumba ya Eda

Sogeeni niwape kisa, lakini msitazamie nikimalize. Nimekisimulia mpaka nimechoka nacho, na kila mara watu huondoka wakibishana.

Katika mji mmoja wa kale walikuwako watu watatu. Bi Barke alijulikana kwa kutimiza ahadi. Shebwana alikuwa mpishi. Akifunua sufuria, mtaa mzima unameza mate. Kombo alikuwa mwimbaji, ingawa sauti yake ilikuwa imeanza kumkimbia.

Wataalamu wa historia wakaja kwa kongamano. Mumewe Bi Barke alikuwa amewaahidi karamu ya kuagana katika nyumba ya mababu zake, kongwe kuliko zote mjini. Kisha akafariki, na kila mtu akaona haya kumuuliza mjane habari za karamu. Basi wageni wakafika mlangoni, wamechoka kwa kuzungushwa magofuni kutwa, wakamkuta yuko edani.

"Marehemu alisema wataingia. Waingie," Bi Barke akasema kutoka ghorofani, nyuma ya pazia. Alikuwa hajalala vizuri tangu maziko, na sasa ua wake ukajaa watu asiowajua.

Jiko lilikuwa chini ya chumba cha mjane. Shebwana, aliyeitwa kuwapikia wageni, hakutaka kumfukiza moshi, akapika kwake na kubeba masufuria kichwani kupitia vichochoro vyembamba, akienda na kurudi mpaka magoti yakamgomea.

Naye Kombo, aliyeitwa kuwaimbia, alihofu huo huenda ukawa usiku wake wa mwisho kuimba mbele ya watu. Lakini nyumba ya msiba haipigwi ngoma wala udi. Akaacha ala zake nje, akaketi na kughani tenzi polepole, kama anayembembeleza mgonjwa, wageni wakatulia.

Profesa Mwanjala, mkuu wa kongamano, alikuwa na nafasi moja ya mgeni wa heshima kwa mkutano wa mwaka ujao. Akawauliza wenyewe watatu nani kati yao aende.

"Mkutano utakuwa katika mji aliko binti yangu," akasema Bi Barke. "Eda itakuwa imekwisha. Sijamwona tangu aolewe."

"Mie sijawahi kuketi nikaandaliwa," akasema Shebwana.

"Mwaka ujao huenda bado ninayo sauti kidogo," akasema Kombo. "Wa pili, sidhani."

Hakuna aliyemwachia mwenzake, nami siwalaumu. Profesa akasimama mlangoni, basi likimngoja.

Je, wewe ungemtaja nani? Na wale wawili, ungewatazama vipi usoni?