Mboga ya Wakwe

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika na kufagia nyua zao, aliishi Bi Sange. Sange ni yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye hata akienda msalani anakimbia. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne na bustani ya mboga nyuma ya jiko.

Bustani yenyewe msiifikirie kubwa. Tuta la mchicha, tuta la kunde, mistari miwili ya bamia, basi. Lakini ndiyo iliyowalisha wote watano. Mboga za vuli walikula, na zilizobaki Bi Sange alizianika juani ziwafae wakati wa kiangazi.

Vuli iliyopita hakuanika kitu. Mboga zote ziliishia tumboni mwa jirani yake, Ngiri. Watoto walikula ugali kwa chumvi mpaka masika, na yule mdogo akakonda hadi akabaki masikio.

Mtaniuliza, kwa nini hakumfukuza? Hamjui desturi ya kijiji kile. Jirani akija kuomba mboga hanyimwi. Anaingia, anachuma mwenyewe, anashukuru. Wengine walichuma konzi moja wakaenda zao. Ngiri alichuma mpaka ukabaki udongo, kisha akashukuru. Kushukuru hakuwahi kusahau.

Basi, vuli hii mvua ikanyesha. Mchicha ukachipua majani mawili mawili, na ndago nazo zikaota. Mnazijua ndago? Ni yale magugu membamba yenye punje ngumu chini ya udongo. Ukiyakata leo, keshokutwa yamerudi. Bi Sange alipalilia mara tatu, na mara tatu zikarudi, tena zikaleta wenzao. Mchicha ulikuwa unasongwa.

Asubuhi moja ameinama na kijembe chake, akasikia, kru! kru! kru!

"Hodi hapa! Jirani, nimepita kuomba mboga."

Bi Sange akainuka. Akautazama mchicha wake, akazitazama ndago. Mara akazirukia ndago, akasimama kuzikinga, mikono ameitanua.

"Karibu, Bwana Ngiri. Chukua mchicha. Chukua na kunde. Bamia zikizaa, njoo pia. Ila hizi, tafadhali, ziache."

"Hizo ni nini?"

"Ni magugu tu, jirani."

"Magugu!" Ngiri akacheka, meno yake ya pembeni yakang'aa. "Tangu lini mtu akalinda magugu na kugawa bamia? Sema kweli!"

Bi Sange akaanza kulia. Mambo ya kumliza alikuwa nayo mengi, akayalilia yote siku ile.

"Wakwe zangu wanaweza kuja siku yoyote," akasema kwa kwikwi. "Nitawapa nini mimi?" Hilo nalo lilikuwa kweli. Wakwe huweza kuja siku yoyote.

"Ahaa! Kumbe hii ni mboga ya wakwe!" Ngiri akameza mate. "Unaninyima mboga, Bi Sange? Mimi, jirani yako? Niende nikawaambie watu?"

"Usiwaambie!" Bi Sange akasogea pembeni, polepole, huku akifuta machozi.

Ngiri akapiga magoti ya mbele, akazamisha pua udongoni. Fuku! Fuku! Fuku! Akang'oa ndago na punje zake, akazitafuna, kacha, kacha. Uso ukamkunjamana. Ndago ni chungu, wanangu.

"Vipi, jirani?" akauliza Bi Sange.

Ngiri akatafuna kwa muda. "Ina heshima yake," akasema. "Si ya kuliwa na kila mtu."

Akafukua mpaka katikati ya mistari, akashukuru, akaondoka. Aliacha udongo umelainika kuliko kijembe cha Bi Sange kilivyowahi kuulainisha.

Ngiri hakuweza kukaa na jambo kubwa kama lile moyoni. Siku ya tatu akaja Nyati, ua mzima ukatikisika.

"Nasikia kuna mboga ya wakwe hapa. Ngiri apewe, mimi ninyimwe?"

Bi Sange akakimbilia nyasi zilizokuwa zinaivamia bustani kutoka kando, akazikumbatia. "Hizi hapana, Mzee Nyati! Chukua mchicha!"

"Mchicha kula mwenyewe!"

Nyati akazifyeka nyasi zote, hrap! hrap! Alipomaliza akainua mkia. Pwa! Pwa! Pwa! Bi Sange akalia zaidi, kisha akaenda kuchukua koleo la kusambazia samadi.

Wakaja hivyo wiki ya kwanza, wiki ya pili, mpaka ya sita. Ngiri anapalilia, Nyati anatia mbolea. Mchicha ukampita Bi Sange kichwa. Kunde zikatambaa mpaka ukutani. Yule mtoto mdogo akaota mashavu.

Kisha ndago zikaisha.

Asubuhi hiyo Bi Sange alizunguka bustani akitafuta ndago hata moja, akakosa. Na huko nje, kru! kru! Ngiri huyo, na Nyati nyuma yake.

"Leo iko wapi?"

"Mmeimaliza."

Ngiri akageuka, akautazama mchicha. Akautazama sana.

"Huu nao umependeza," akasema. "Si vibaya tukauonja."

Bi Sange aliogopa kwelikweli. Aliiona vuli iliyopita inarudi na ugali wake na chumvi yake. Mbio akaingia jikoni, akatoka na kikapu. Ndani mlikuwa na punje za ndago alizokuwa akiziokota kila wageni wake walipoondoka, zisije zikaota tena.

"Mimi huwa nashangaa," akasema. "Wakubwa kama nyinyi, kila siku kuomba kwa mjane. Kwani kwenu hakuna ardhi?"

Nyati akakohoa. "Ardhi ipo."

"Basi mbegu hizi hapa. Haitaki kumwagiliwa, haitaki kupaliliwa, na ikishaota kwako haikuachi."

"Nipe mimi! Mimi ndiye niliyeigundua!"

"Toka! Mkubwa ni mimi!"

Wakagawana punje palepale, wakatimua mbio kila mmoja kwake. Mchicha hawakuukumbuka tena.

Wiki tatu baadaye, nyuma ya jiko la Ngiri palikuwa kijani tupu. Ngiri akajiona amefika. Akamwalika mama mkwe wake, bibi mmoja aliyelima tangu usichana wake, akamwandalia sahani kwa mikono yake mwenyewe.

"Karibu, mama. Hii haipikiwi kila mtu."

Mama mkwe akanusa, akaiweka sahani chini. "Baba, hizi ni ndago."

"Ni mboga ya wakwe, mama."

"Ni ndago." Akainuka, akachungulia nyuma ya jiko. "Na umezipanda kwa mistari."

Ngiri akatoka mkuku, mkia juu, moja kwa moja kwa Bi Sange kwenda kuukanyagakanyaga mchicha wote. Mama mkwe akamfuata.

"Mwongo wewe! Umenilisha magugu!"

Bi Sange alikuwa anaanika kunde. Hakuinuka. "Jirani, siku ya kwanza nilikwambia ni nini?"

Ngiri akamgeukia mama mkwe wake.

"Alikwambia ni nini?" akauliza mama mkwe.

"Alisema ni... ni magugu."

"Akakukaribisha nini?"

"Mchicha. Na kunde." Sauti ikashuka. "Na bamia."

"Ukakataa."

"Alikuwa analia, mama!"

Mama mkwe akamtazama kuanzia meno hadi mkia. Kisha akamgeukia Bi Sange. "Naomba mboga, mwanangu."

Akachuma konzi moja tu, akikata vichwa ili mashina yachipue tena, akashukuru. Halafu akaazima kijembe, akamtia Ngiri mkononi.

"Twende. Una kazi ya kung'oa mpaka masika."

"Masika ya lini, mama?"

Mama mkwe alikuwa ameshatangulia njiani.

Nyati yeye angali anawasifia wageni mboga yake. Hajapata wa kumwambia.

Basi, wanangu, ukikitamani kitu kwa sababu tu mwenzako anakililia, kitazame vizuri kabla hujakila.