Kioo Kisichoitikia Hodi

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya kujifungulia, na nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja wa kuingilia wagonjwa. Mtu huyo aliitwa Ndimbo. Aliijenga njia panda, mahali ambapo wake wa wakulima wa pande zote wangeweza kufika kabla uchungu haujawazidi. Watu walimwombea dua kwa ajili ya hilo, na mimi simnyimi haki yake. Alikuwa na wakunga wazuri, maji ya kutosha na vitanda safi. Mlangoni alimweka mama mmoja wa makamo, Chausiku, juu ya kigoda. Mtu akifika alipiga hodi, Chausiku akaitikia karibu, akamtazama mgonjwa usoni, akafungua. Kazi yake yote ilikuwa hiyo.

Siku moja Ndimbo alisafiri kwenda mjini, akaona majumba makubwa ambayo milangoni mwake hamna mtu. Aliporudi akamwona Chausiku na kigoda chake, akaingiwa na haya. Akamwita fundi wa vioo aliyesifiwa sana. Fundi akaondoa kigoda, akaweka mlango wa chuma unaojifunga wenyewe, na ukutani akabandika kioo chenye mwanga. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia mpaka kioo kimkubali. Fundi alikijaribu kioo chake akiwa mzima wa afya, amekaa kivulini, kikombe cha chai mkononi, nacho kikamfungulia mara moja. Ndimbo hakukijaribu kabisa, kwa kuwa yeye alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma.

Ngojeni niwaeleze kioo kile kilikuwaje, ingawa najua wengi wenu mnacho ndugu yake mfukoni. Kilianza kwa kumtaka mtu akubali masharti marefu kuliko hotuba za harusini, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kama ulezi. Chini yake palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani cha kukubali. Cha kukataa kilikuwa cha kijivu, kimejikunyata pembeni, na ukikibonyeza kilikurudisha mwanzo. Kisha kikataka neno la siri. Ukilitunga, kinakuambia ni fupi. Ukilirefusha, kinakuambia halina tarakimu. Ukiweka tarakimu, kinakuambia halina herufi kubwa, na wala hakikusema tangu awali kinataka nini. Halafu kinaonyesha picha na kukuamuru uchague zenye madaraja, ili uthibitishe kwamba wewe ni binadamu. Mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa, jasho linamtiririka, athibitishe kwamba ni binadamu! Ni nini kingine kingekuja pale kuzaa? Na kila watu walipoanza kukizoea, fundi alivihamisha vitufe, vya juu akavipeleka chini, akakiita kitendo hicho maendeleo.

Watu hawakulalamika. Uchungu wangu mkubwa uko hapa, na sitauficha. Watu wa pande zile wamelelewa kwamba mgeni hasemi chumvi imezidi. Umekaribishwa, umekula, unashukuru, unakwenda kunywa maji kwako. Tena kila aliyeshindwa na kioo alidhani ameshindwa peke yake. Alitazama huku na huku kama kuna aliyemwona, akarudi nyumbani akijiita mjinga kimoyomoyo. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nao waliuficha. Wachache waliogundua ujanja wa kukipita waliutunza kwa majivuno, kama mtu ajuaye upenyo kwenye ua wa miiba, na hakuna aliyefikiri kwamba mbele ya nyumba ya wagonjwa miiba haikupasa kuwepo.

Basi, kulikuwa na mkulima wa pamba, jina lake Masele, na mkewe Nyamizi. Mimba za Nyamizi zilikuwa zimeharibika kila mara kabla ya wakati. Hii ilikaa. Ilifika miezi tisa, na katika nyumba yao hapakuwa na tumaini lingine lolote, si mvua wala mavuno. Asubuhi uchungu ulipomshika Nyamizi, Masele alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akatandika nyasi na mkeka, akamlaza mkewe, akaswaga taratibu ili asimtikise. Walifika jua likiwa limepanda. Ndani ya nyumba mkunga alikuwa amekaa, amenawa mikono, maji ya moto tayari. Kioo cha upande wake kilimwambia kwamba nje hakuna mtu. Kati yake na Nyamizi palikuwa na mlango tu.

Masele akapiga hodi. Chuma kilikuwa kinene, hakikupitisha sauti wala hakikuitikia. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, kwa sauti ya adabu, kama alivyofundishwa na baba yake. Kwao hodi ya tatu isipoitikiwa mtu huondoka. Anayeendelea kugonga baada ya hapo ni mwizi au ni askari. Masele hakuwa mwizi wala askari. Hakuupiga teke ule mlango, hakuokota jiwe. Aligeukia kioo.

Kioo kikamtaka namba ya simu, akaiandika. Kikasema kimetuma tarakimu kwenye simu hiyo, azisome na kuzirudisha. Simu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga ya Nyamizi. Akakimbia mkokotenini, akafungua fundo huku mkewe ameng'ata mkeka, akarudi mbio, akaambiwa tarakimu zile zimepitwa na wakati. Akaomba nyingine. Alipofika kwenye madaraja, kidole chake kilichozoea mpini wa jembe kiligusa picha mbili kwa pamoja, akaonekana si binadamu. Nyamizi akamwita. Akasema nakuja. Akamwita tena.

Mwisho palitokea mahali palipoandikwa: jina la mtoto. Pembeni yake palikuwa na alama nyekundu, maana yake hapapitiki bila kujazwa. Masele akasimama. Kwao mtoto aliye tumboni hapewi jina. Kumwita kabla hajalia ni kuuonyesha msiba alipo, na msiba ulikuwa unaijua nyumba yao. Akapaacha wazi, kioo kikakataa. Akajaribu tena, kikakataa kwa kutikisika. Yule fundi aliyekitengeneza hakuwahi kumuuliza mtu yeyote wa pande zile mtoto hupewa jina lini. Masele akiwa bado amesimama, kidole hewani, kioo kikageuka cheusi, kikaandika kwamba muda wake umekwisha, aanze upya.

Akaanza upya. Masharti, namba, tarakimu, madaraja. Alipofika penye jina aliandika neno pekee lililokuwa la kweli: Hajaja. Kioo kikafurahi. Kikapiga muziki, maua ya rangi rangi yakateremka toka juu, kikaandika, "Karibu sana!" Mlango ukafunguka na mkunga akatoka mbio na taulo zake. Nyamizi alikuwa ameshajifungua juu ya mkeka, peke yake, na kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, na hapakuwa na mkono wa kukitoa. Alikuwa wa kiume, mzito, mwenye nywele nyingi. Mkunga alipiga magoti mavumbini, akafanya yote aliyoyajua, akayarudia. Alipoona yamekwisha alimgeukia Masele kwa ukali, maana uchungu wa kazi yake nao ulimtoka, akamuuliza mbona hakupiga hodi.

"Nilipiga, dada," Masele akasema. "Nilipiga hadi ya tatu."

Walimzika jioni ile ile. Majirani walikuja kuwapa pole, wakaleta uji na kuni, kwa maana si watu wabaya. Na walipokwisha kukaa kitambo, wakaanza kumfundisha. Mmoja akasema pale kwenye jina mtu huweka nukta tu, kinapita. Mwingine akasema afadhali kubonyeza ile picha ya nyumba pembeni, inaruka maswali yote. Mama mmoja akasema kwa upole kabisa kwamba hilo kila mtu analijua. Masele alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema kosa ni lake, hakumaliza shule, angewahi kujifunza hivi vitu mtoto angekuwa hai. Hakuna aliyempinga. Walimwacha ajizike na yeye, huku wanakunywa uji.

Ulipotimia mwezi, simu ikalia. Nyamizi ndiye aliyeishika. Ujumbe ulitoka kwenye nyumba ya Ndimbo, nao ulisema: hongera, Hajaja ametimiza mwezi mmoja, tunawapenda, tupeni nyota kwa huduma tuliyowapa. Nyamizi alimpa mumewe simu, akatoka nje. Masele alibonyeza nyota moja. Simu ikamtaka aeleze sababu, na maelezo yake yakawa mafupi mno, ikayakataa. Alikuwa ameandika, "Mtoto amekufa." Akatafuta mahali pa kusema hapana, hapakuwepo. Palikuwa na mahali pa kusema baadaye. Akabonyeza baadaye, na kesho yake ujumbe ukarudi na hongera zake, na kesho yake tena, na kila uliporudi Nyamizi alitoka nje. Ndipo Masele akabonyeza nyota zote tano. Simu ikamshukuru kwa maua, ikanyamaza.

Fundi akamkusanyia Ndimbo nyota za watu wote, za wenye adabu na za waliochoka, akampelekea. Zote zilikuwa tano tano. Ndimbo alizitazama, machozi ya furaha yakamlengalenga, akasema hakujua kama anapendwa kiasi hiki. Akamwagiza fundi aweke kioo kingine kama kile kwenye kisima cha njia panda. Hivyo ndivyo kilio cha Nyamizi kilivyomfikia mwenye nyumba: kilimfikia kama makofi ya pongezi.

Mtaniambia Ndimbo si mwovu. Najua. Fundi naye si mwovu, anawapenda watoto wake na analala vizuri. Ndiyo maana nimekasirika. Mwovu ningemwombea apigwe na radi, nikamaliza. Hawa nitawaombea nini, nao hawajasikia hodi hata moja maishani mwao, na kila wanachosikia ni shukrani? Nanyi mlioleta uji, mnaojua mahali pa kuweka nukta, mmepita mlango ule mara ngapi mkaacha umefungwa nyuma yenu? Masele alinyamaza baada ya hodi ya tatu kwa sababu alidhani ndani kuna mtu wa kustahiwa. Ninyi mnajua tangu zamani kwamba pale ni chuma na kioo: je, adabu yenu mnamtunzia nani?