Fisi Mlinzi wa Nyasi

Nianze, nisianze?

Anza!

Nikianza hakuna kusinzia.

Hatusinzii!

Haya, paukwa.

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wala nyasi walikuwa na mbuga moja, mbuga ya wote. Kila masika yakiisha walifunga upande mmoja wenye nyasi nzuri, wasiuguse mpaka kiangazi kikali. Upande huo waliuita ngitili.

Mwaka mmoja wakatafuta mlinzi. Nyati akasema, "Tukimweka mla nyasi, atazila. Tumweke Fisi. Huyu hata ladha ya nyasi haijui."

Wote wakashangilia. Walijiona wana akili nyingi, na mimi ningekuwapo ningeshangilia pia.

Swala peke yake hakushangilia. Alikuwa na mimba, na mtoto angezaliwa kiangazi. Bila ngitili, hakuna maziwa.

Siku ya kwanza akaja Nyati. "Ndugu Fisi, tonge moja tu."

"Ingia, mzee, ule ushibe."

Siku ya pili akaja Nyumbu. "Ndugu Fisi, tonge moja tu."

"Ingia, bwana, ule ushibe."

Siku ya tatu akaja Pundamilia. "Ndugu Fisi, tonge moja tu."

"Ingia, dada. Na kesho uje tena."

Wakaja kesho. Wakaja keshokutwa. Wakazoea.

Kiangazi kikafika. Swala akazaa, akaja na mtoto ambaye miguu bado ilikuwa ikimtetemeka. Akachungulia ngitili. Nusu nzima imebaki vumbi! Mlio nyuma mnanisikia? Nusu nzima! Swala alikasirika mpaka machozi yakamtoka. Lakini akaona samadi imetapakaa kila mahali, akafuta machozi. Akaenda kuwaita wote.

"Ndugu zangu," akasema, "nimekuta samadi ndani ya ngitili. Samadi hurutubisha ardhi. Mwenye nayo anastahili kula wa kwanza. Ni ya nani?"

Wee! Nyati alitoka mbio. "Ile kubwa pale ni yangu."

"Hizi ndogo ndogo zangu," akasema Nyumbu.

Pundamilia akawapiga kikumbo wote wawili. "Mimi nina malundo saba. Hesabuni."

Wakahesabu. Saba kweli.

"Vizuri," akasema Swala. "Sasa semeni, mliingiaje kabla hatujafungua?"

Watatu hao wakamtazama Fisi. Fisi akapiga miayo.

"Mnaniangalia mimi? Mimi sili nyasi. Zikiisha mtakufa, na mkifa nitakula."

Wote wakainuka. Wakamtimua kwa mateke hadi ng'ambo ya korongo, na mpaka leo huzunguka pembeni tu.

Siku ile ile wakapanga upya. Ulinzi ukawa wa zamu, wawili wawili, wa koo mbili tofauti. Wanyonyeshao wakaingia kwanza. Nyati, Nyumbu na Pundamilia wakaingia mwisho kabisa, tena wakiinamisha vichwa. Swala akala, mtoto akanyonya mpaka akalala na chuchu mdomoni.

Basi, wenzangu, funzo ni hili: mali ya wote ilindwe na wale watakaolala njaa ikiisha. Msimweke mlinzi ambaye njaa yenu ndiyo chakula chake.

Ngano yangu nimeifunga kama ngitili. Atakayeifungua kesho, aite na wenzake.